Sauti Iliyobaki Studio

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wapenzi wote wa muziki mbadala, kwa wasanii wanaojitegemea na kwa wale wanaotegemea wengine huku wakisema wanajitegemea, kwamba Baraza Kuu la Kusikiliza Albamu Mpya limeketi leo Jumamosi chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Sikio, na kwamba hukumu zake hazikatiwi rufaa popote duniani.

Mheshimiwa Sikio alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilinda soksi zake zisiibwe.

Katika shule ile ya bweni, nguo iliyoanikwa bila mlinzi ilihesabiwa kuwa zawadi kwa umma. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana, baada ya kufua, wavulana wa kidato cha tatu walikaa nyuma ya bweni wakizikodolea macho nguo zao mpaka zikauke. Aliyeondoka kwenda kunywa maji alirudi akakuta kibanio kitupu. Hiyo ndiyo ilikuwa hadhira ya Sikio: watu waliofungwa na kaptura zao wenyewe, wasio na pa kwenda.

Karani wa Baraza alikuwa rafiki yake, aliyeitwa Wakili kwa sababu hakuwahi kukosa la kusema mbele ya mwalimu wa zamu. Wakili alimiliki simu, kitu kilichokatazwa na sheria zote za shule, na aliificha ndani ya pakiti ya sabuni ya unga. Simu ile ilinukia usafi kuliko mwenyewe. Humo ndimo alimokusanya albamu ambazo redio hazikuwa na haja nazo: za watu waliorekodi vyumbani, magereji na bafuni, wakazisambaza kwa mkono kama vikaratasi vya mganga.

"Mheshimiwa," alisema Wakili, akisimama wima na taulo begani, "shauri la kwanza ni la mafundi wanne wa gereji."

Sikio akavaa hedifoni.

Masikio yake hayakuwa makubwa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kilichokuwa kikitoka humo. Kila aliposikiliza albamu kwa makini, kile ambacho albamu ile ilitengenezwa nacho kilimtoka masikioni. Ilianza alipokuwa kidato cha kwanza. Metroni alimkagua, akampa pamba, akamwambia alale ubavu ili asichafue mto. Bweni halikuhangaika naye zaidi ya hapo. Kulikuwa na kijana mwingine aliyelala macho wazi, na huyo ndiye aliyewakosesha watu usingizi.

Kwenye albamu ya mafundi zilitoka nati tatu na matone ya oili.

"Ya kweli," alihukumu Sikio. "Gitaa halijakaa sawa na mpiga ngoma ana haraka kama anayekimbia mvua, lakini humu hakuna anayedanganya. Imenifanya nitake kufungua kitu."

Nati zilipelekwa kukaza kitanda kilichokuwa kikilia bwenini.

Shauri la pili lilikuwa la kijana mwenye gitaa aliyeimba kuhusu njaa na baridi. Yalitoka manyoya ya zulia, mengi, laini, ya rangi ya krimu.

"Amelia akiwa amelala chali juu ya zulia," alisema Sikio. "Arudi akiwa ameketi."

La tatu lilikuwa la wasichana watatu walioingia ndani ya tangi tupu la maji wakaimba humo. Yakamtoka maji safi, na wenye soksi zilizobaki na povu wakasogea kuzisuuza. Sikio alilia bila kujificha. "Wimbo wa nne," alisema, "umenikanyaga kifuani na haujaomba radhi." Hakuna aliyemcheka. Kila mtu alijua kwamba katika mambo mengine Sikio angeweza kusema uongo mchana kweupe, akamwangalia mwalimu wa hisabati usoni na kudai daftari limeliwa na panya, lakini kuhusu albamu hakuwahi kudanganya hata siku moja.

Albamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya dada yake.

Dada alikuwa msusi. Aliimba akisuka, na nyimbo alizoimba zilikuwa zake mwenyewe, si za redioni. Alizirekodi kwenye stoo ya saluni, katikati ya madumu ya shampuu, na kwa kuwa mashine za kukaushia nywele zilinguruma kutwa nzima, aliweza kurekodi tu umeme ulipokatika. Taa zikizimika, majirani wakiguna, yeye aliacha kichwa cha mteja nusu, akakimbilia stoo. "Dada, utanirudia lini?" mteja alilalamika gizani. "Nakuja sasa hivi, mpenzi, beti moja tu." Nyimbo tisa zilimchukua msimu mzima wa kukatika umeme. Kila alipotaka kupandisha sauti juu alikohoa kidogo kwanza, na kile kikohozi hakukifuta, kwa sababu hakujua kinafutwaje.

Sikio alipoisikiliza zilimtoka nyuzi za nywele, jino la chanuo la buluu, na povu lenye harufu nzuri. "Hii ni bora kuliko zote nilizowahi kusikia," aliliambia Baraza. "Na sisemi hivyo kwa sababu ni dada yangu. Huyu dada ndiye aliyeninyima baiskeli yake miaka yote."

Kisha akaja Prodyuza. Alikuja saluni kumsubiri mchumba wake asukwe, akaketi akichezea funguo za gari, akasikia. Kabla mchumba hajamaliza, alikuwa ameshamwambia Dada kwamba sauti kama ile haifai kukaa stoo na shampuu. Aje studio, zirekodiwe vizuri zile nyimbo, dunia isikie. Dada alivaa gauni lake la kwenda kwa watu. Aliimba nyimbo zote tisa mchana mmoja, akapewa soda, akarudi nyumbani.

"Mwanangu, vipi huko?" aliuliza Mama.

Dada alifungua mdomo. Hapakuwa na kitu.

Daktari alimulika koo kwa tochi, akainama huku, akainama kule. "Koo zima kabisa," alisema. "Ila sauti haimo. Mara ya mwisho alikuwa nayo wapi?"

"Studio," alisema Mama.

"Basi mtakuwa mmeisahau huko. Hutokea."

Mama alikwenda studio na kitambaa chake kichwani na mkoba kwapani. Binti wa mapokezi alikuwa na adabu sana. "Shikamoo, Mama. Pole sana. Vitu vinavyosahaulika hapa, miavuli, funguo, miwani, huwa tunavitunza mpaka Ijumaa tu." Mama aliuliza kuhusu zile nyimbo. Binti alipiga simu ndani, akasikiliza, akasema mashine iliharibika siku ile na hakuna kilichobaki. Mama alisimama pale kidogo, akitazama mlango wenye taa nyekundu juu yake, kisha akaondoka, kwa sababu mtu akishaambiwa pole mara tatu hana tena pa kushika.

Tangu hapo Dada alisuka kimya. Wateja walisema sasa anasuka vizuri zaidi, maana hana maneno mengi. Walisema mbele yake, wakitabasamu kwenye kioo. Ilikuwa sifa.

Muda si mrefu baadaye, Asali akatangaza kwamba amejikomboa.

Asali hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote mwenye redio, wala kwa mtu mwenye jirani mwenye redio. Alikuwa ameimba matangazo ya sabuni, ya benki na ya maji ya chupa, na kila wimbo wake wa mapenzi uliweza kugeuzwa tangazo kwa kubadilisha neno moja. Sasa alisema amechoshwa na yote hayo. Ameacha kila kitu, ameingia ndani ya nafsi yake, ametoka na albamu ya muziki mbadala, kama msanii wa kujitegemea. Watu kumi na wanne walimsaidia kujitegemea. Majina yao yalikuwa nyuma ya albamu kwa herufi ndogo, na la kwanza lilikuwa la Prodyuza.

Watangazaji walichanganyikiwa kwa furaha. Walisema ni albamu ghafi. Walisema ni ya kweli. Mmoja alisema unaweza kuinusa. Wakili aliichota hewani siku ileile ilipotoka, na Jumamosi akaileta barazani ikinukia sabuni.

"Mheshimiwa, shauri la Asali dhidi ya akili zetu. Naomba hukumu kali, ili tucheke."

Sikio alivaa hedifoni akiwa ameshaandaa maneno mabaya kichwani. Aliyapenda sana, yalikuwa na wivu ndani na utani ndani. Wimbo wa kwanza ulipoanza, ule uso wa utani ukamtoka. Wa pili ukamtoa nyuzi za nywele sikio la kushoto. Wavulana wakasogea. Wa tatu ukatoa povu lenye harufu nzuri, na wa tano ukatoa jino la chanuo la buluu, likaanguka juu ya paja lake likakaa pale. Kisha, kabla tu sauti haijapanda juu, ndani ya hedifoni mtu akakohoa kidogo.

Kikohozi hawakukifuta. Watangazaji walikuwa wamekisifia hasa hicho.

Hasira ya Sikio ilikausha nguo zote za kamba mbili kwa mkupuo mmoja. Soksi za Wakili ziliungua vidoleni. Mvulana mmoja alichukua shati lake, akalikunja, akashukuru, akaondoka, maana hakuwa tena na sababu ya kukaa.

"Hukumu, Mheshimiwa?"

"Hii ni sauti ya Dada."

"Hiyo siyo hukumu, kaka, hiyo ni taarifa. Mimi nauliza albamu. Nzuri au mbaya?"

Sikio aliinuka kwenye ndoo, akalitia lile jino la chanuo mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu Baraza lianzishwe, likaahirishwa bila hukumu.

Hakula siku ile. Jumapili alikula, lakini kwa chuki. Alimwambia Wakili kwamba atakwenda studio kuvunja mlango, na Wakili akamuuliza atapitaje getini bila ruhusa ya kutoka. Alisema atamwandama Prodyuza mpaka kaburini, na Wakili akamuuliza kwa nauli ipi. Hapo ndipo mkuu wa shule alipowasaidia bila kujua. Jumatatu, kwenye mkutano wa asubuhi, alitangaza kwa sauti ya mtu aliyevaa tai mpya kwamba siku ya wazazi kutembelea, shule itapata bahati ya kumpokea Asali mwenyewe, atakayezungumza na vijana kuhusu kujitegemea, na kuimba.

Wakili ndiye aliyekuwa akishughulikia spika za ukumbi. Walitazamana.

"Kaka," alisema Wakili baada ya kifungua kinywa, "kama hedifoni ndogo hivi zinatoa jino la chanuo, ile spika kubwa ya ukumbini itatoa nini?"

"Chote."

"Na sauti?"

"Nimesema chote."

"Mkuu atatuua."

"Atuue. Tutakuwa tumeshairudisha."

Siku ya siku wazazi waliketi mbele, wanafunzi nyuma, na walimu pembeni wakiwa wamekunja mikono kama watu wanaongojea kulaumu. Mama na Dada walikuwa safu ya tatu. Dada alikuwa na gauni lake la kwenda kwa watu. Prodyuza alimwona akipita, akasimama kabisa.

"Aa, dada msusi! Habari za siku?"

Dada alimtazama.

"Bado mkimya vilevile," alisema Prodyuza kwa upole, akampigapiga begani, akapanda jukwaani.

Asali alipendeza. Aliwaita watu wote wapenzi wangu, hata mwalimu wa nidhamu, ambaye hakuwa amewahi kuitwa hivyo na mtu yeyote akiwa kazini. Alisimulia jinsi alivyoitafuta sauti yake ya kweli. "Niliitafuta kila mahali," alisema, mkono kifuani, "kumbe ilikuwa humuhumu ndani." Hakuonekana kama mtu anayedanganya. Hilo ndilo lililomuudhi Sikio kuliko yote: mwanamke yule aliamini. Alikuwa amekabidhiwa kitu kizuri, kimefungwa vizuri, na hakuona haja ya kuuliza kimetoka wapi, kwa sababu tangu azaliwe vitu vizuri vilikuwa vikimjia vimefungwa.

Wimbo ukaanza. Ulikuwa unatoka kwenye mashine, na Asali aliufuata kwa midomo. Sikio aliinuka nyuma ya ukumbi, akapita katikati ya safu akiomba radhi kwa wazazi waliokaa pembeni, akapanda ngazi za jukwaa, akalaza sikio la kulia juu ya spika. Wakili akapandisha kitufe mpaka mwisho.

Sikio la kushoto likaanza kutoa. Zilitangulia nywele, rundo zima, zikafuatwa na chanuo lenyewe la buluu likiwa na pengo lake. Yakaja madumu ya shampuu, yakadunda jukwaani moja baada ya jingine. Ikaja mashine ya kukaushia nywele na mguu wake, kikaja kioo cha ukutani, hakikuvunjika. Kisha kikatoka kiti cha saluni, na juu yake mteja aliyesukwa upande mmoja tu wa kichwa.

"Dada, bado tu?" aliuliza mteja, akitafuta huku na huku. "Nilikwambia nina harusi."

Mkuu wa shule alimwamuru kiranja amtafutie mgeni huyo nafasi kwenye safu ya wageni waalikwa na ampe soda. Kiranja alimpa.

Kisha ikatoka sauti. Haikuwa na umbo, lakini kila mtu aliiona inakopita, vile unavyouona upepo kwenye mapazia. Ilipita juu ya vichwa, ikayumba kidogo kwenye safu ya pili, ikakata kona kwenye ya tatu, ikaingia mdomoni mwa Dada. Jukwaani vilibaki ngoma na gitaa. Midomo ya Asali iliendelea kufunguka na kufungika, na haikutoka hata punje ya sauti. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba alikuwa nyuma ya nguzo na hakuona, maana ukumbi ule haukuwa na nguzo.

Dada alisimama.

"Hiyo ni yangu," alisema.

Alisema kwa sauti ileile iliyokuwa imejaza ukumbi dakika iliyopita. Mama alimshika mkono. Wazazi waligeuka, wanafunzi walisimama juu ya viti. Ingekuwa dunia nyingine, hadithi ingeishia hapa, watu wangelia na kukumbatiana, na Prodyuza angetafuta mlango.

Prodyuza alitafuta maikrofoni. Alishuka nayo kwenye ngazi taratibu, akitabasamu, mikono wazi, akiwatuliza watu. "Jamani, jamani. Tumpe nafasi mwenzetu. Ana jambo. Dada, sema kwa nguvu, wa nyuma nao wasikie."

Sikio aliona anachotaka kufanya. Alifungua mdomo kumpigia Dada kelele asishike kitu kile, lakini wakati huohuo sinki la kuoshea nywele lilikuwa linamtoka sikioni pamoja na bomba lake, na mtu anayetokwa na sinki hawezi kupiga kelele. Kilichomtoka kinywani kilikuwa povu.

Dada alikuwa amengoja maisha yake yote mtu ampe maikrofoni mbele ya watu. Aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea.

"Hiyo ni yangu," alisema humo. "Nyimbo zote tisa ni zangu."

Sauti iliingia kwenye maikrofoni na haikurudi. Dada aliendelea kusema. Midomo yake ilisema mengi, na kwa sura yake mengine hayakuwa ya kusemwa mbele ya watoto, lakini hayakusikika.

"Ahsante sana," alisema Prodyuza. Aliichukua maikrofoni, akaifuta kwa leso, akampandishia Asali, ambaye aliingia moja kwa moja kwenye kiitikio.

Watu walipiga makofi. Kwanza wachache, wasiojua wafanye nini na mikono yao, kisha wote. Mzazi mmoja alimwambia mwenzake kwamba sauti ya yule dada inafanana na ya Asali ajabu, angejaribu bahati yake angefika mbali. Mkuu wa shule alitoa shukrani, akasema hajawahi kuona mgeni anayeshirikisha wazazi kiasi kile. Kisha akaamua, kwa kuwa mambo lazima yawe na utaratibu, kwamba kila kilichodondoka jukwaani wakati wa ratiba ya mgeni ni mali ya mgeni. Viranja wakapakia madumu, kioo, mashine, sinki na chanuo kwenye gari la Asali. Kiti hakikuenea. Kilipelekwa chumba cha walimu, na mwalimu wa historia anazunguka nacho mpaka leo.

Sikio alipewa adhabu ya kufagia nywele ukumbini wiki nzima, kwa kosa la kupanda jukwaani bila tai.

Dada hakuondoka mara moja. Alimkalisha yule mteja kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, akamalizia upande uliobaki, kwa vidole tu, maana chanuo lilikuwa limeshaondoka. Sikio alisimama na ufagio akimwangalia. Mteja alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akaridhika, akauliza geti liko upande gani. Harusi ilikuwa imepita zamani, lakini alikwenda akiwa amependeza.

Kabla likizo haijafika, Asali alitoa wimbo mpya. Uliitwa "Hiyo Ni Yangu". Ulianza na maneno yale yaliyosemwa ukumbini, makavu, bila ala yoyote, pamoja na kikohozi cha mzazi fulani kwa mbali, kisha ngoma ikaingia. Watangazaji walisema ni kilio cha mwanamke anayedai haki yake. Asali alipewa tuzo ya msanii anayejitegemea kuliko wote, akamshukuru Mungu na wale watu kumi na wanne.

Baraza liliketi kwa dharura. Sikio alipiga marufuku jina la Asali kutamkwa kwenye kamba za nguo. Alimwamuru Wakili afute kila kitu chake kwenye simu, nyimbo, picha, na hata lile tangazo la maji. Kisha akajifungia chooni na simu ileile, akapiga redio, akangoja, akapokelewa hewani.

"Kaka, karibu! Unaomba wimbo gani?"

"Siombi wimbo. Nasema hivi: sauti ya wimbo wa Asali ni ya dada yangu. Ameibiwa."

"Ohoo! Dada anausikia sana huo wimbo, eh?"

"Hausikii! Ameibiwa, nimekwambia! Yuko saluni, hasemi, sauti yake mnayo nyinyi!"

"Basi, wasikilizaji wapendwa, kaka yetu ana uchungu na dada yake, na huo ndio upendo. Dada huko saluni, salamu zako hizi hapa kutoka kwa kaka yako, na hii ni 'Hiyo Ni Yangu'!"

Wakaupiga. Saluni redio ilikuwa imefunguliwa. Wateja walimwambia Dada ana kaka mwenye upendo.

Likizo Sikio alirudi nyumbani akiwa na hasira iliyokomaa, iliyokunjwa vizuri kama shati la shule. Siku ya pili Mama alimpa beseni la viazi avimenye, naye akaketi navyo mlangoni, mgongo kwa nyumba, simu ya Wakili aliyoiazima kwa likizo mfukoni, hedifoni kichwani chini ya kofia. Hakumsikia Dada akitoka ndani. Dada alisimama nyuma yake akamtazama. Kichwa cha mdogo wake kilikuwa kinacheza. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno, yote, hata yale madogo ya pembeni. Nyuzi za nywele zilikuwa zinamtoka sikioni zinaangukia kwenye viazi.

Dada alimvua kofia, kisha upande mmoja wa hedifoni, akauweka sikioni mwake. Akasikia.

Sikio aligeuka. Alifikiri kusema ni ya mafundi wa gereji. Alitazama uso wa Dada, akaacha.

"Nakiri," alisema. "Sikufuta. Niliwaambia wenzangu zimefutwa zote, kumbe nakala moja niliificha humuhumu simuni. Naisikiliza kila siku, Dada. Mara ya kwanza nilijiambia nakutafuta wewe tu humo, nikikusikia unakohoa naridhika, nazima. Sizimi. Ule wa sita waliouwekea filimbi, mimi naupenda na ile filimbi yao. Ni nzuri. Mungu anisamehe, wimbo ule ni mzuri kuliko ulivyourekodi wewe, na kuna siku wimbo unaisha nikagundua nimesahau kukasirika. Ingekuwa albamu mbaya ningewatukana nikalala usingizi wangu. Lakini ni nzuri, na jina lako halimo popote. Nipige."

Dada hakumpiga. Alikaa kwenye ngazi kando yake, akanyoosha kidole kwenye simu, akakizungusha kinyumenyume: kutoka mwanzo.

Walisikiliza nyimbo zote, sikio moja moja. Hakulia. Kwenye wimbo wa pili alitikisa kichwa, ngoma ilikuwa imeingia mapema, na alikuwa na haki. Kwenye wa nne aliangalia pembeni kwa muda mrefu. Filimbi ya wimbo wa sita ilipoanza, mguu wake ulianza kupiga chini, kidogo, kisha sawasawa. Sikio aliuona. Dada akaona kwamba umeonekana. Hakuusimamisha. Alimnyang'anya kisu, akavuta beseni katikati ya magoti, akaanza kumenya viazi mwenyewe, kwa hasira, maganda yakiruka mpaka uani, na kila ganda liliruka kwa mdundo.